Lifti ya Gari kwa Ua Mdogo wa Juba: Vidokezo 11 Kabla Hujatoa Dola

Kulala chali chini ya Land Cruiser Hardtop, vumbi la kiangazi likikuingia machoni na jeki ya mafuta ikishuka taratibu ubavuni pako, si maisha. Na Juba haikupi nafuu. Barabara nyingi za mitaani hazina lami, mvua ikianza Aprili kila shimo linageuka dimbwi, na wanaolipia ni bushi, shokapu na springi. Ndiyo maana mwenye magari mawili matatu ya kazi, au fundi aliyeamua kufungua gereji nyumbani kwake Gudele badala ya kupanga eneo Custom, siku moja anaanza kuwaza lifti.

Wazo ni zuri. Ila watu huanza na picha ya mashine kwenye simu ya muuzaji, wakati kinachoamua ni vitu vitatu ulivyo navyo tayari: paa, sakafu na umeme.

1. Pima paa pale palipo chini zaidi

Rakuba, yaani vibanda vya wazi vya mabati, nyingi zimejengwa kwa ajili ya kivuli tu. Upande mmoja utakuta mita 3 na ushee, upande wa pili mita 2.5, na katikati boriti zimeshuka chini ya bati. Futi kamba iguse boriti.

Kisha piga hesabu: kimo cha gari, jumlisha kiasi unachotaka lipande, jumlisha sm 10 za usalama. Land Cruiser 78, ile Hardtop ndefu, ina kimo cha mita 2.1 hivi. Ili ufanye kazi umesimama, matairi yake yapande kama mita 1.5. Hapo tayari unahitaji mita 3.7, na bado hujahesabu keria wala antena ya redio. Ukiwa na paa la mita 3, Hardtop hiyo itapanda sm 80 na basi. Toyota Premio, yenye kimo kisichofika mita 1.5, itapanda mita 1.4 chini ya paa hilohilo.

Hesabu hii peke yake inafuta nusu ya mashine ulizoonyeshwa. Ikiwa gari lako ni refu kwenda juu na paa ni fupi, una njia mbili: panua paa, au kubali lifti fupi na ubao wa magurudumu wa kulalia. Njia ya pili si aibu.

2. Upana upimwe milango ikiwa wazi

Lifti ya nguzo mbili huchukua upana wa mita 3.3 hadi 3.5 kutoka nje ya nguzo hadi nje ya nguzo. Ongeza sm 60 kila upande ili mtu apite na tairi mkononi bila kujikwaruza ukutani.

Kuna mtindo wa kuweka makontena mawili sambamba, moja la spea na jingine la vyombo, kisha kutupia mabati juu katikati. Unafaa sana kwa gereji ya nyumbani, mradi nafasi ya kati ifike mita 4.5. Ndani ya kontena lenyewe sahau. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39, na sakafu yake ni mbao juu ya vyuma. Hakuna bolti ya lifti itakayoshika hapo.

Jambo moja ambalo watu wa Nairobi na Kampala hawana haja ya kuliwaza: huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yaliyoingia kupitia Uganda na Kenya yana usukani kulia. Nyua nyingi zina ya aina zote mbili. Usisogeze lifti ukutani upande wowote kabla hujajua mlango wa dereva utafungukia wapi.

3. Gari lihesabiwe na mizigo yake

Muuzaji atakwambia, "Mzee, hii inabeba tani nne, weka chochote." Muulize tani nne hizo zinagawanywaje. Lifti ya nguzo mbili ina mikono minne, na uwezo ulioandikwa ni wa mikono yote kwa pamoja: kila mmoja hubeba robo. Mashine ya tani 4 ina mikono ya tani 1.

Pikapu ya Land Cruiser 79 tupu iko kwenye tani 2.2. Tia bampa la chuma na winchi mbele, madebe ya dizeli nyuma, tairi mbili za akiba juu, na uzito hautakaa sawasawa tena. Kwa pikapu hiyo mashine ya tani 4 bado inatosha. Kwa Land Cruiser 200 iliyowekwa chuma cha kuzuia risasi, na Juba ina nyingi za mashirika na wakubwa, haitoshi kabisa. Gari hilo linaweza kupita tani 4 likiwa halina hata abiria. Kama ndilo unalotegemea kulipokea nyumbani, acha. Lipeleke kwenye gereji kubwa yenye mashine ya tani 5 au 6.

Noah na Premio hazina shida hii. Tani 1.3 hadi 1.6, lifti yoyote ya maana itazibeba.

4. Sakafu kwanza, mashine baadaye

Hapa ndipo pesa yako inapaswa kwenda, na hapa ndipo watu wanapobana.

Lifti ya nguzo mbili haisimami kwa uzito wake. Inasimama kwa sababu bolti zimeng'ata zege. Watengenezaji wengi hudai zege lisilopungua unene wa sm 10, wengine sm 15, lenye nguvu ya megapaskali 20 kwenda juu, na lililokaa siku 28 tangu kumwagwa. Bolti isikaribie ukingo wa zege wala ufa kwa chini ya sm 15.

Sasa tazama sakafu yako. Je, ni zege, au ni lipu ya saruji ya sm 4 juu ya kifusi? Njia ya kujua ni kutoboa tundu dogo kwa drili hadi utokee upande wa pili na kupima. Vigae na matofali ya kupanga uani havihesabiwi kabisa.

Udongo nao una la kusema. Sehemu tambarare za mji zina ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hadi ufa unameza kidole. Zege lililomwagwa moja kwa moja juu yake litapanda na kushuka kila mwaka, na nguzo za lifti zitainama pamoja nalo. Chimba udongo huo uondoke, angalau nusu mita, jaza moramu, shindilia kwa tabaka, ndipo ufunge nondo na kumwaga. Ukiwa karibu na Jebel Kujur unaweza kukuta mwamba mapema, na hapo kazi ni ya sururu badala ya moramu.

Mchanganyiko uwe ndoo 1 ya saruji, ndoo 1 na nusu ya mchanga, ndoo 3 za kokoto, na maji machache iwezekanavyo. Wajenzi hupenda zege la majimaji kwa sababu linatiririka lenyewe. Wewe usilipende, maana maji yakizidi nguvu inapungua. Mimi ningemwaga sm 20 pale nguzo zitakaposimama na sm 12 kwingine, na ningelipa kijana asimamie wakati wa kumwaga.

Kisha linyweshe. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika digrii 45. Zege likimwagwa wakati kama huo hukauka juu kabla halijashika ndani. Lifunike magunia mabichi siku 7, asubuhi na jioni mwagia maji. Ndiyo, maji ya boza yana bei. Yaweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

5. Chagua aina kwa kazi unayofanya mara nyingi

*Nguzo mbili.* Ndiyo ndoto ya kila fundi: chini ya gari kote kweupe, matairi yananing'inia, giaboksi inashuka bila matatizo. Zile zenye boriti juu hufika kimo cha mita 3.6. Zile zinazopitisha kebo chini, kwenye bamba la sakafuni, huwa na nguzo za mita 2.8 hivi, na hizo ndizo za rakuba. Hakikisha inakuja na vikombe virefu vya kukaa chini ya chesisi. Bila hivyo mkono utagusa ubao wa kukanyagia kabla haujafikia chesisi.

*Nguzo nne.* Gari linapanda juu ya reli mbili na kukaa kwa matairi yake. Ni tulivu, haina presha sana kwa zege, na mwenye paa refu anaweza kuegesha gari la pili chini. Ubaya wake: inakula urefu wa mita 5.5 na zaidi ukihesabu ngazi za kupandia, na tairi huwezi kulitoa mpaka ununue jeki ya katikati inayotembea juu ya reli. Kwa ua mdogo wa Juba siioni.

*Mkasi wa kimo cha kati.* Unalala sakafuni kwa kimo cha sm 11 hivi, unapandisha gari mita 1 au kidogo zaidi, na nyingi hubeba tani 2.7 hadi 3. Kazi ikiisha unaegesha gari juu yake kama kawaida. Kwa breki, matairi, shokapu na bushi ni mashine tamu. Kwa giaboksi na propela shafti ni karaha, kwa sababu mkasi wenyewe umekaa katikati pale unapotaka kufanya kazi.

*Fremu mbili za kubebeka.* Mfano maarufu ni QuickJack ya Marekani. Kila fremu mtu mmoja mwenye nguvu anaiburuta, na ikimaliza kazi inaegemezwa ukutani. Baadhi huendeshwa kwa betri ya volti 12, jambo ambalo Juba lina maana kubwa. Lakini soma kwa makini kimo kinachotangazwa. Nusu mita ya fremu hupimwa kutoka sakafuni. Ikiwa chesisi ya Hardtop yako iko sm 45 kutoka chini kabla hujagusa kitu, fremu ya sm 53 itakupa sm 8 tu, labda uongeze vipande vya mpira vya kuinulia. Kwa Premio, ambayo ubavu wake uko chini, utapata kimo cha maana kabisa.

*Nguzo mbili fupi zinazong'oka.* MaxJax ndiyo inayojulikana. Unafungua bolti, unazisukuma nguzo pembeni, ua unabaki wazi kwa sherehe ya Jumapili. Inahitaji zege zuri kama dada yake mkubwa.

Kura yangu: mwenye magari madogo achukue mkasi. Mwenye Land Cruiser, zege jipya na paa la mita 4 achukue nguzo mbili za bamba la chini. Mwenye Land Cruiser na paa la mita 3 anunue jeki nzuri ya tani 3, stendi nne za tani 6, na abaki na hela zake.

6. Uliza injini ya lifti, siyo rangi yake

Kituo cha umeme cha Juba cha megawati 33 kilizinduliwa Novemba 2019, na mitaa iliyounganishwa imepata nafuu. Kwingine ni jenereta na sola. Kwa hiyo swali la kwanza: injini ya lifti ni ya fezi moja au fezi tatu? Nyumbani utakuwa na fezi moja ya volti 230. Lifti nyingi zinazouzwa kwa gereji kubwa ni za fezi tatu, volti 380 hadi 400, na hazitawaka kwako.

Swali la pili ni hezi. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya hezi 60. Huku ni 50. Itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na injini itapata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Swali la tatu ni jenereta. Injini ya kilowati 2.2 ikianza kuzunguka huvuta umeme mara tatu hadi sita ya ule wa kawaida. Jenereta dogo la kVA 2.5, lile linaloendesha friji, feni na taa, litaguna na kuzima. Anzia kVA 8 hadi 10. Na waya uwe mnene: mm za mraba 4 kwa umbali mfupi, 6 ikiwa jenereta liko mwisho wa ua.

7. Umeme ukikatika gari likiwa juu

Wauzaji hawalisemi hili mpaka uulize. Lifti nzuri hukaa kwenye kufuli za chuma, siyo kwenye mafuta. Ili uishushe, kwanza lazima ipande kidogo kufuli ziachie. Kupanda kunahitaji umeme. Dizeli ikiisha saa kumi jioni, gari la mteja linalala hewani.

Kwa hiyo tafuta mashine yenye pampu ya mkono ya dharura. Epuka zile ambazo kufuli zake hufunguliwa kwa upepo wa kompresa, labda kama kompresa unayo na inafanya kazi kweli.

8. Shimo? Hapana

Najua. Shimo la kuingia fundi ni rahisi, gereji nyingi za Afrika Mashariki zinalo, na halihitaji umeme. Lakini Juba mvua hunyesha kuanzia Aprili hadi Oktoba, na shimo bila njia ya kutolea maji litakuwa kisima cha mbu. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa: unatuama humo, unasubiri cheche. Na nyumbani kuna watoto, mbuzi, na wageni wanaorudi nyuma wakiongea na simu.

Ukikosa pesa ya lifti, jenga njia mbili za zege zilizoinuka, kama zile za kuoshea magari. Ziwe na ukingo pembeni ili tairi lisitoke.

9. Nyumba si yako? Usitoboe

Anayepanga anunue mkasi au fremu za kubebeka. Ukimwaga zege la kisasa kwenye ua wa mtu, umemjengea.

10. Dai karatasi

Mashine nyingi utakazoona sokoni zimetoka China, na hilo si tatizo. Tatizo ni stika. Alama ya CE mtu yeyote anaweza kuibandika. Kwa lifti za magari, kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 1493, na Ulaya mashine hizi ziko kwenye orodha ya zile za hatari. Muuzaji mkweli ataweza kukutumia cheti chenye namba ya modeli, jina la chombo huru kilichoikagua, na tarehe. Kwa mashine za Marekani tafuta stika ya ALI, taasisi ya huko ya lifti za magari, yenye namba. Ukitumiwa picha ya cheti, linganisha modeli na ile iliyopigwa kwenye bamba la mashine, herufi kwa herufi.

Za kuchomelewa mtaani mimi sizitaki kwa gari juu ya kichwa cha mtu. Mafundi wa Katwe, Kampala, wana mikono ya ajabu, na stendi au ngazi ya kupandia gari ningewapa kesho. Ila kufuli ya lifti ni kitu kingine.

Mzigo wenyewe utakuja kwa lori: Mombasa, Malaba, Uganda, Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi Juba. Nguzo mbili zina uzito wa zaidi ya nusu tani, na unahitaji watu au kreni ya kuzishusha. Agiza papo hapo seti ya pili ya sili za silinda, kebo mbili na mpira wa mafuta. Ukisubiri viharibike, utatuma mtu Kirinyaga Road, Nairobi, au Kisekka, Kampala, na mashine itakaa wiki kadhaa ikiwa sanamu.

11. Siku ya kwanza

Tia mafuta ya haidroliki yaliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kitabu kikikupa uchaguzi kati ya namba 32 na 46, kwa joto letu chukua 46. Kaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, siyo kwa bomba refu na hasira.

Anza na gari jepesi. Lipandishe hadi matairi yaachane na ardhi kiganja kimoja, simamisha, shika bampa na litikise kwa nguvu. Likicheza juu ya mikono, shusha na upange upya. Likitulia, pandisha hadi kufuli zilie pande zote mbili. Lazima usikie mbili. Acha usiku mmoja bila mtu chini, asubuhi angalia kama kuna mafuta yaliyovuja na kama bolti yoyote imelegea. Kaza tena, na tena baada ya wiki.

Na swichi kuu iwe na kufuli yenye ufunguo. Kitufe cha lifti kina mvuto mkubwa kwa mtoto wa miaka sita.